Kwa Mwanasha, Uliyenitangulia Darasani na Nyumbani

Mwanasha,

Ni mimi, Nimwaka. Mwandiko umeutambua, maana ulikuwa ukisema herufi zangu zimelala kama mbuzi waliochoka. Bado zimelala.

Nimekaa barazani kwako hapa Msambweni, kwenye kiti chako cha kamba. Nasema chako kwa sababu hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kukiita changu. Bakari, aliyekuwa mumeo na sasa ni wangu, yuko kazini hospitali. Zuhura, binti yako, yuko uani anaanua nguo. Mavyaa, mama yake Bakari, amejilaza baada ya chakula cha mchana. Nilitaka kuanza kwa kukuombea rehema, kama inavyompasa mtu, na rehema nimekuombea tangu asubuhi kwenye msala. Lakini kalamu ilipogusa karatasi, kilichotoka mbele ni wivu. Basi na uandikwe.

Nakuonea wivu, ndugu yangu. Watu hudhani mwanamke humwonea wivu mwenziwe aliye hai. Aliye hai ana nafuu. Aliye hai hununa, huunguza wali, huamka na uso umevimba, na mume akamwona. Wewe huna siku mbaya tena. Kila siku yako iliyobaki katika vinywa vya watu ni siku njema, na mimi ndiye ninayeishi katikati ya siku zako njema.

Ngoja nikueleze yaliyotokea tangu ulipokwenda.

Homa ile ya uzazi ilipokuchukua wewe na kitoto chako, tulikupeleka kwenu Mwabungo. Wanafunzi wako walitembea nyuma ya jeneza wakiwa na sare zao za shule, wavulana mbele, na wasichana wakabaki njiani wakilia kwa sauti. Mimi sikulia siku ile. Nilimbeba Zuhura mgongoni, mzito, miguu inaburura, naye akawa ananiuliza kama utarudi na mtoto. Baada ya mwaka hivi, mavyaa wako, ambaye sasa ni wangu, alikwenda Munje kwa wazee wangu. "Mtoto anamjua Nimwaka, na Nimwaka anamjua mtoto," alisema. "Tutamtafutia mama wa kambo kwa watu tusiowajua ya nini?" Mama akanigeukia: "Na wewe mwenyewe wasemaje?" Nilikubali upesi mno. Mama alinitazama.

Wewe unajua kwa nini nilikubali upesi. Bakari alinianza mimi. Kwenye ile harusi ya kwetu Munje alimwuliza dada yangu, "Yule aliyevaa leso ya manjano ni nani?" Aliyevaa manjano nilikuwa mimi. Juma lililofuata akaja nyumba ya walimu na dawa ya macho kutoka hospitali, akakukuta wewe umesimama mlangoni na msumari wenye kutu mkononi, unamweleza mwalimu mwenzetu kwamba kutu si uchafu, kwamba msumari haukuliwa bali umeongezewa kitu kutoka hewani. Bakari akasimama kusikiliza. Alisikiliza mpaka akasahau alichojia, kisha dawa ile akakutia wewe mkononi. Mwanasha! Dawa niliiomba mimi. Macho yaliyokuwa yakiwasha yalikuwa yangu.

Sikukuchukia kwa hilo. Ungekuwa mtu wa kuchukiwa, ningepumzika.

Hata chuoni, tukisomea ualimu, ilikuwa hivyo hivyo. Yule Mzungu wa sayansi aliandika ubaoni kile alichokiita mlinganyo, mshale katikati, herufi huku na huku, na mimi nikaukariri kama ninavyokariri sura fupi. Wewe hukukariri. Ulitazama ubao, ukatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake, ukasema, "Kumbe ni watu wale wale. Wamebadilisha vyumba tu." Nilikuwa nimekaa nawe dawati moja, ubao tunaoutazama ni mmoja, na mimi niliona herufi.

Bendera ilipobadilishwa na Wazungu wengi wakaondoka, shule ya hapa ikakosa mtu wa kemia, nawe ukapewa. Mimi nikapewa ushonaji na usafi. Kutoka darasani kwangu, cherehani zikilia, nilikuwa nikikuona uwanjani umewatoa wanafunzi nje, umewaita huyu hidrojeni, huyu oksijeni, wanashikana mikono wawili wawili. Ulikuwa ukipiga kofi: "Haya, achaneni! Shikaneni upya!" Wanakimbia, vumbi linapanda, wanashikana kwa mpango mwingine, kisha unawahesabu. "Kuna aliyeingia? Kuna aliyetoka?" Nao wanaitikia kwa pamoja, "Hakunaaa!" Wasichana wangu waliacha sindano wakachungulia dirishani. Ningewakataza. Lakini na mimi nilikuwa nachungulia.

Sasa sikiliza. Mwalimu aliyeletwa baada yako alikaa muda mfupi, akapata kazi Mombasa, akaenda zake. Mwalimu mkuu wetu, yule mtu wa bara asiyejua kuzungusha maneno, akaniita ofisini. "Wewe ulisoma sayansi chuoni. Mkaguzi anakuja. Akikuta hakuna kemia hapa, watoto hawa hawataandikishwa mtihani wa sayansi, na mimi sina mtu mwingine." Nilimwambia siwezi. Akanitazama. "Mwalimu Mwanasha angeweza."

Hapo nikasema naweza.

Ndiyo, kwa ajili ya neno hilo tu. Sikufikiria watoto, ingawa baadaye niliwafikiria sana. Nilifikiria wewe. Nilitaka nisimame mahali ulipokuwa ukisimama, nikutoe pale.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni chuma, na oksijeni, na mshale, na kutu. Nilikuwa nimejitayarisha jikoni, kitabu kando ya chungu, na jikoni ilikubali. Ubaoni ikakataa. Upande huu oksijeni mbili, upande ule tatu. Nikiongeza huku, chuma kinapungua kule. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Chaki ikanikatikia. Nyuma kabisa msichana mmoja, Mejumaa, binti wa watu wa Waa, akainua mkono kwa adabu. "Samahani, Mwalimu. Mwalimu Mwanasha alikuwa akitutoa nje tukishikana mikono."

Darasa zima likageuka kutazama uwanja. Uwanja mtupu, Mwanasha, nao wanautazama kama uko pale.

Nikajaribu lile jambo lako la chupa. Nilikumbuka kidogo: unga wa matumbawe, maji ya ndimu, kizibo, na mizani ya kuazima dukani, ili waone kwamba povu likichemka na mawe yakiyeyuka, uzito haubadiliki, kwa kuwa hewa iliyozaliwa haina pa kutokea. Nilimimina, nikaziba, nikaweka kwenye mizani. "Tazameni," nikasema, "mizani haitasogea." Kizibo kikaruka kikagonga dari. Maji ya ndimu yakanirukia usoni, na upande wa chupa ukapanda juu mbele ya macho ya wote. Walijitahidi wasicheke. Mejumaa akaniletea leso yake nijifute, akaninong'oneza kwa huruma, "Yeye alikuwa akikifunga kwa waya."

Nilirudi nyumbani nikinuka ndimu. Bakari akaniuliza kulikoni, nikamweleza, na unajua alifanya nini? Uso wake ukanawiri. Akaanza kunisimulia jinsi wewe nawe siku moja ulivyopasua chupa hapa hapa uani, ukamwambia mavyaa kwamba ni kuku amevunja. Alisimulia vizuri. Sijawahi kumwona akisimulia jambo langu hivyo. Zuhura akasogea karibu. Mavyaa akaingiza neno lake. Watu watatu wanajipasha moto kwako, na mimi nimesimama na nguo iliyolowa.

Nikamwuliza mbele ya mama yake, sikungoja faragha: "Bakari, ukikaa na mimi, unakuwa umekaa na nani?"

Mavyaa akaokota ushanga wake akaingia ndani, akamvuta Zuhura.

Bakari alinivutia kigoda. Kisha akasema, "Nimwaka, sitakudanganya. Yule nilimpenda. Na wewe nakupenda. Ukitaka nikwambie nani zaidi, sijui, na ningejua nisingekwambia." Nilitaka jibu jingine. Nilitaka aseme uongo mdogo, wallahi, uongo wa kunifariji. Lakini dresa wa hospitali, mfunga vidonda, amezoea kuwaambia watu ukweli kwa sauti ya upole, na hana sauti nyingine.

Kesho yake sikwenda na chupa. Nilikuwa nimekwisha kuchoka kushindana na wewe kwa vyombo vyako. Nilikuwa nikivaa niende shule, nimeshika leso mpya, doti nzima, bado haijakatwa, naitafutia mkasi. Nikasimama nayo hivyo, mkono huku na mkono huku. Leso haiuzwi moja. Ukiingia dukani unataka moja, utachukua doti, mbili zilizoshikana, upende usipende. Na oksijeni, Mwanasha? Na oksijeni nayo haipatikani moja. Hewani imeshikana mbili mbili.

Nilisahau kukata. Nilikwenda nayo shule vile vile.

Niliitandaza mezani nikawaambia, "Leo hatutoki nje." Wasichana wa ushonaji walikuwamo, walinielewa kabla sijamaliza. Tuseme kutu ni vazi. Vazi moja linataka chuma mbili na leso tatu za oksijeni. Dukani leso ni doti. Utanunua doti ngapi upate tatu? Wavulana wakasema moja na nusu. Wasichana wakawazomea, "Nani atakukatia nusu doti?" Basi tufanyeje? Ndipo yule msichana aliyenihurumia akasema polepole, kama anayepima kitambaa kwa mkono, "Tushone mavazi mawili." Mavazi mawili, leso sita, doti tatu kamili, chuma nne. Hakuna kinachobaki mezani, hakuna kinachopungua. Niliandika ubaoni, na safari hii chaki ilikwenda yenyewe.

Mwanasha, niliona. Ulichokuwa ukikiona wewe dawatini kwetu, nilikiona. Kwa mlango mwingine, nimechelewa, lakini nilikiona. Na unajua jambo la kwanza nililotaka kufanya? Nilitaka kukimbilia darasa la jirani nikwambie.

Nikasimama pale na chaki. Wanafunzi walidhani nafikiri.

Mkaguzi akaja, mzee mpole wa suti, ana kikohozi. Mwalimu mkuu alikuwa amenionya nifanye jambo la kisayansi, chupa na mizani, na nilikuwa nimezitayarisha, kizibo nimekifunga kwa waya. Upande wa chupa haukusogea hata kidogo. Nikafungua waya, hewa ikatoka kwa mluzi, upande ukapanda, nikawauliza kilichotoka ni nini, wakajibu. Mkaguzi akaandika. Kisha nikatandaza leso. Mwalimu mkuu akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Mkaguzi akaacha kuandika, akatazama mpaka mwisho, akainuka, akaichukua chaki yangu. Aliandika mlinganyo ambao sikuwafundisha: naitrojeni na hidrojeni, zikifanya amonia. Akamwita Mejumaa, labda kwa sababu alikuwa amejificha.

Mejumaa alisimama ubaoni mgongo umemnyooka. "Vazi hili," alisema, "linataka naitrojeni moja na hidrojeni tatu. Zote mbili zinauzwa doti. Kwa hivyo hatuwezi kushona moja. Tunashona mawili. Naitrojeni doti moja. Hidrojeni doti tatu." Akaandika, akahesabu huku, akahesabu kule, akaweka chaki chini na kujifuta mikono kwenye sketi.

Mkaguzi alikohoa, akacheka, akakohoa tena. "Mke wangu," alisema, "angenipa kemia hii ya leso zamani, ningekuwa daktari."

Wameandikishwa, Mwanasha. Darasa zima. Na huyo binti wa Waa, ambaye babake alikuwa ameanza kupokea posa, babake amekuja shuleni kumwambia mwalimu mkuu kwamba posa imerudishwa mpaka amalize. Hilo limetokea kwa mikono yangu. Nilingoja mtu aseme. Tukinywa chai ofisini, mwalimu mkuu akaniongezea sukari kwa mkono wake, akasema, "Hongera sana. Mwalimu Mwanasha aliacha msingi mzuri."

Nilimeza chai ikiwa moto hivyo hivyo.

Liko jambo jingine. Baada ya somo la leso, kijana mmoja uliyemfundisha wewe aliuliza, naye hakuwa akifanya utani: "Mwalimu, ikiwa hakuna atomu inayopotea, basi Mwalimu Mwanasha hakupotea. Yupo?" Ningeweza kumpa jibu tamu. Kwenye matanga yako watu walinipa mengi ya namna hiyo, na kila mmoja alifikiri amenisaidia. Nilimwambia, "Atomu zake zipo zote, hata moja haikupungua. Lakini zilikuwa zimeshikana kwa mpango mmoja, na mpango ule ndio uliokuwa Mwalimu Mwanasha. Mpango hauhifadhiwi na kemia. Roho yake iko kwa Mola wake, na hilo mwulize sheikh, si mimi." Akaketi. Macho yake yalikuwa mekundu. Na mimi, Mungu anisamehe, hata pale nilijiuliza: nikifa mimi, nani atauliza swali kama hili?

Nilikuwa niishie hapa. Lakini jana limetokea jambo, ndilo lililonikalisha kuandika.

Zuhura alikuwa akinisaidia kukuna nazi. Mpaka leo ananiita Mwalimu, hata nyumbani, sikumlazimisha. Akasimamisha mbuzi ya nazi, akaniuliza, "Mwalimu, mama alikuwa akichekaje?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia amwulize babake. "Nimemwuliza," akasema. "Baba amesema alikuwa akicheka vizuri tu. Bibi naye amesema hivyo hivyo. Mimi nimejaribu kukumbuka, inakuja sauti yako."

Sauti yangu. Ungesema ningefurahi. Nimeomba siku kama hiyo. Lakini niliona kilichokuwa kikitokea nyumbani humu bila mimi kukijua. Hawa watu hawakukumbuki. Wana hadithi zako, ile ya chupa na ile ya kuku, wanazirudia mpaka zimekuwa laini, na kila zikirudiwa wewe unazidi kuwa mtu mwema asiye na sura. Bakari hakumbuki ulikuwa ukifunga leso kwa mkono wa kushoto. Mavyaa hajui kwamba ulikuwa ukiogopa paka. Mimi najua. Nilikutazama miaka yote ile kama mtu anavyomtazama mshindani wake, sikukosa kitu: unavyonyanyua kidevu ukiwa hujui jibu, neno unalolirudia ukidanganya, jinsi ulivyokuwa ukivuta pumzi kabla ya kuingia darasani, kumbe nawe uliogopa. Mapenzi yao yamekuosha mpaka ukapauka. Wivu wangu haukukuosha.

Kwa hivyo nakuahidi. Nitamweleza binti yako yote, hata yale yanayokufanya uwe mkubwa kuliko mimi, na hata mabaya yako, maana ni yeye tu atakayeyataka. Sitakupamba. Sitakupunguza pia, ingawa nitatamani. Na usinitake niache kukuonea wivu, ndugu yangu, maana siku nitakapoacha sijui nitakuwa nakutazama kwa jicho gani. Mungu akulaze pema, wewe na kitoto chako. Buriani, Mwanasha wa Mwabungo.

Zuhura amemaliza nguo, anakuja, naona anataka jibu lake. Alikuwa ameniuliza ulikuwa ukichekaje, na jana nilimwambia nitamwonyesha kesho, kwa kuwa niliona haya. Ulikuwa ukianza kwa kuziba mdomo, kisha bega la kulia linapanda, kisha inakutoka sauti nene isiyofanana na mwili wako, unakohoa mwishoni. Naijua. Tulipokuwa chuoni nilikuwa nikijifunga bwenini peke yangu, mlango nimeukomea, najifunza kuicheka.

Acha nimchekee mtoto wako.

Nimwaka